Nani Ameshika Kalamu: Kutoka Johannesburg Hadi Cape Town

Jumapili, Johannesburg

Ndege ya Nairobi imetua mchana. Jua kali, hewa kavu ya nyanda za juu, na mijakaranda imeanza kuchanua kandokando ya barabara. Dereva aliyenichukua uwanja wa ndege ni Mkongo wa Bukavu, na Kiswahili chake kimenifanya nijisikie niko kwetu kabla hata sijafika nilikofikia. Akaniuliza, "Dada yangu, unakuya kufanya nini huku?" Nikamwambia ukweli: nimekuja kusoma nyaraka za mashoga na wasagaji wa nchi hii, nione walizikusanyaje na wanazitunzaje. Akakaa kimya mpaka taa za barabarani zikabadilika mara mbili. "Kumbe bako na kitabu yabo?" Nikamjibu wana zaidi ya kitabu, wana hifadhi nzima ndani ya chuo kikuu. "Ni muzuri," akasema, na hakuongeza neno.

Nieleze basi kilichonileta. Pwani yetu ina historia ndefu ya watu wanaopenda wa jinsia yao, lakini karibu kila kilichoandikwa juu yao kimeandikwa na mkono wa mwingine: msafiri wa Kizungu, hakimu, polisi, mhubiri. Vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu ya Kenya, vinavyoyafanya mapenzi ya jinsia moja kuwa jinai, tulivyoachiwa na Mwingereza, vimezaa majalada mahakamani. Mtafiti wa miaka mia ijayo akitutafuta atatukuta humo, tukiwa washtakiwa. Afrika Kusini kuna watu waliolikataa jambo hilo mapema, na nataka kujua walifanyaje.

Jumatatu, Constitution Hill

Asubuhi nimepanda kwa miguu kutoka Braamfontein hadi kwenye kilima cha gereza. Hapa palikuwa na Old Fort, jela ya Number Four ya wanaume weusi, na jela ya wanawake. Gandhi alifungwa hapa, Mandela pia, na Albertina Sisulu na Winnie Mandela walifungwa upande wa wanawake. Lakini wengi wao hawakuwa na majina makubwa. Walikuwa watu waliokamatwa barabarani kwa kukosa pasi, kibali ambacho mweusi alilazimishwa kutembea nacho. Ndani ya Number Four nimesoma jinsi wafungwa walivyolazimishwa kucheza uchi ili askari wahakikishe hawakuficha kitu mwilini. Nimetoka nje nikakaa juani kwa muda.

Mahakama ya Katiba imejengwa papo hapo na kufunguliwa mwaka 2004. Jengo la mahabusu lilibomolewa, na matofali yake yakajengewa kuta za mahakama. Ndani ya ukumbi, ukikaa kwenye viti vya wasikilizaji, unaona dirisha refu jembamba usawa wa ardhi, na kupitia hilo unaona miguu ya watu wanaopita nje. Ukuta wa mbele wa majaji umefunikwa kwa ngozi za ng'ombe. Kila upande kuna michoro, vitambaa na sanamu, nyingi zilizokusanywa kwa juhudi za jaji Albie Sachs na jaji Yvonne Mokgoro. Sachs ndiye aliyepoteza mkono kwa bomu la makaburu mjini Maputo mwaka 1988, na ndiye aliyeandika hukumu ya tarehe 1 Desemba 2005 iliyosema kuwanyima wapenzi wa jinsia moja haki ya ndoa ni kinyume cha katiba. Sheria yenyewe ikapitishwa Novemba 2006. Kabla ya hapo, tarehe 9 Oktoba 1998, mahakama hii ilifuta kosa la ulawiti. Na chini ya yote kuna katiba ya mwaka 1996, ya nchi ya kwanza duniani kutaja kwa jina katika katiba yake kwamba mtu asibaguliwe kwa sababu ya anayempenda.

Kwa hiyo mtu angefikiri kwamba kwenye kilima hiki mambo yalikwisha. Hapana. Mwaka 2009 palifanyika hapa hapa maonyesho ya wasanii wanawake weusi, na picha za mpiga picha Zanele Muholi zilikuwemo, wanawake wawili wamekumbatiana kitandani. Waziri wa sanaa na utamaduni, Lulu Xingwana, alikuwa afungue maonyesho hayo. Akatazama, akaondoka. Baadaye alisema picha zile ni kinyume cha maadili na hazijengi taifa. Katiba ilikuwa na umri wa miaka 13, mahakama iko hatua chache kutoka pale aliposimama, na bado picha ya watu wawili wanaopendana ilimshinda waziri wa serikali kuitazama. Nadhani ndiyo maana wasanii hawakupumzika baada ya mawakili kushinda. Hukumu inaweza kumlazimisha karani akuandikie cheti cha ndoa, lakini haimlazimishi mtu akutazame usoni.

Jumanne, Braamfontein

Siku nzima nimekuwa kwenye nyaraka za GALA, ile hifadhi ya mashoga na wasagaji, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1997, wakati nchi nzima ilikuwa inaandika upya historia yake, na waanzilishi waliona kwamba wasipokuwa waangalifu wataachwa nje kwa mara ya pili. Nimepewa glavu, penseli, meza, na onyo la upole kwamba kalamu ya wino haingii.

Nimeanza na Simon Nkoli. Alizaliwa Soweto mwaka 1957, akawa mwanaharakati wa wanafunzi, na mwaka 1984 akakamatwa. Alishtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake 21 katika kesi ya Delmas, wakiwemo Popo Molefe na Mosiuoa Lekota. Akiwa mahabusu aliwaambia wenzake kwamba ni shoga. Pakazuka mabishano makali: wengine waliogopa kwamba kuwa kizimbani na shoga kutaipa serikali fimbo ya kuwapigia. Hakurudi nyuma. Wakabishana, wakazoeana, wakabaki pamoja. Miaka mingi baadaye Lekota alisema kwamba ilipofika saa ya kuandika katiba, wangewezaje kuwageuka watu kama Simon waliosukuma gurudumu pamoja nao? Nkoli aliachiwa huru mwaka 1988, na mwaka huohuo akaanzisha GLOW, shirika la mashoga na wasagaji lenye wanachama wengi wa vitongoji vya weusi.

Kesi ya Delmas ina kumbukumbu za mahakama, maelfu ya kurasa. Humo Nkoli ni mshtakiwa mmoja kati ya wengine. Lakini kuna barua alizomwandikia mpenzi wake kutoka jela, akijua kabisa kwamba kuna askari anayezisoma kabla hazijatoka. Nimekaa nazo muda mrefu. Mtu yuleyule, miaka ileile, lakini safari hii kalamu iko mkononi mwake. Sikuweza kuziandika zote kwenye daftari langu, wala sikutaka. Nilitaka tu kuziona zipo.

Kisha nikaletewa picha za maandamano ya kwanza ya Pride, ya mashoga na wasagaji kujitokeza hadharani bila aibu, tarehe 13 Oktoba 1990, watu takriban 800 wakitembea mitaa ya Johannesburg. Nkoli alisema siku ile kwamba yeye ni mweusi na ni shoga, na hawezi kuzigawa nafsi zake mbili akaanza na ukombozi wa moja akiiacha nyingine ingoje. Beverley Ditsie, msichana wa Soweto, naye alizungumza. Miaka mitano baadaye Ditsie alisimama Beijing kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa wanawake akadai haki za wasagaji kutoka jukwaani. Kwenye picha hizi wapo watu waliovaa mifuko ya karatasi ya kahawia vichwani, imetobolewa matundu ya macho. Waandaaji waliigawa kwa wale walioogopa kutambuliwa kazini au nyumbani. Nimeitazama sana picha moja ya mtu wa mfuko. Hatutajua ni nani. Lakini alikuja, akatembea, na mtu akampiga picha bila kumvua karatasi. Heshima ya kumbukumbu iko hapo pia, kwamba unaweza kumhifadhi mtu bila kumfichua.

Saa za mchana nimemaliza kwa Kewpie. Alikuwa msusi na mcheza dansi wa mtaa wa District Six, Cape Town, aliyezaliwa akaitwa mvulana na kuishi kama binti wa mtaa ule, kipenzi cha jirani zake. Tangu miaka ya 1950 alikusanya picha, zake na za rafiki zake: wakiwa saluni, kwenye dansi, ufukweni, barabarani mchana kweupe wakiwa wamevaa magauni na watoto wa mtaa wamewazunguka wakicheka nao. Ziko takriban 700. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilifika GALA, na Kewpie mwenyewe akiwa bado hai alisaidia kueleza ni nani huyu, ni wapi hapa, siku ile kulikuwa na nini. Alifariki mwaka 2012. Nimemuuliza mhifadhi nini kingetokea kama wangemfikia akiwa ameshakufa. "Tungekuwa na picha 700 za watu wazuri tusiowajua," amenijibu.

Hapo nimemkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu Mombasa, aliyepamba maharusi kwa miaka mingi. Hakuna harusi ya maana iliyopita bila mkono wake. Alipofariki, matanga hayajaanuliwa, ndugu zake walikuwa wameshachoma sanduku lake la picha. Hawakufanya kwa chuki, naamini. Walifanya kwa kumsitiri. Lakini kulikuwa na miaka 40 ya Mombasa ndani ya lile sanduku.

Jumatano, Hillbrow na Yeoville

Nimerudi kwenye meza ileile asubuhi, safari hii na kitabu cha picha za Muholi, za mradi alioanza mwaka 2006 wa kuwapiga picha wasagaji weusi na wanaume waliobadili jinsia. Nyeusi na nyeupe, uso kwa uso, macho yamemkazia anayetazama. Muholi huwaita washiriki, na chini ya kila picha kuna jina, mahali na mwaka. Wa kwanza kabisa alikuwa mshairi Busi Sigasa, aliyepigwa picha hapahapa Braamfontein mwaka 2006. Mwaka uliofuata alifariki, akiwa na miaka 25. Picha hizi zinapotundikwa ukutani kwa safu, huachwa nafasi tupu hapa na pale, kwa ajili ya waliokufa na wale ambao bado hawajapigwa. Wakati wa janga la UKIMWI, na wakati wa kubakwa na kuuawa kwa wasagaji vitongojini, kumpiga mtu picha na kuandika jina lake sawasawa ilikuwa kazi ya dharura.

Aprili 2012 wezi waliingia kwenye nyumba ya Muholi Cape Town wakabeba diski zaidi ya 20 zenye kazi ya miaka kadhaa, zikiwemo picha za mazishi ya waliouawa. Vitu vingine vya thamani viliachwa. Kila mtu niliyezungumza naye kuhusu kutunza kumbukumbu amelitaja tukio hilo bila kuulizwa, na kila mmoja amemaliza kwa ushauri uleule: nakala mbili, miji miwili.

Jioni nimezunguka Hillbrow, njia ya maandamano ya 1990, halafu Yeoville kula ugali kwa Wakongo. Mezani tumemzungumza Binyavanga Wainaina, Mkenya mwenzangu, aliyewahi kuishi mji huu. Januari 2014 aliandika waziwazi kwamba ni shoga, akimwambia mama yake aliyekwisha kufa. Alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla Mahakama Kuu ya Nairobi haijakataa kufuta vile vifungu viwili, 162 na 165. Mwandishi alitangulia, hukumu ikafuata, na leo wanaosoma maneno yake ni wengi kuliko wanaosoma hukumu.

Alhamisi, KwaThema

Kitongoji hiki kiko mashariki ya Johannesburg. Miaka ya 1980 mama mmoja aliyejulikana kama MaThoko alikuwa na shebini, kilabu cha pombe, nyumbani kwake hapa, na vijana waliofukuzwa makwao kwa sababu ya ushoga walipata kwake kitanda, chakula na mtu wa kumwita mama. Wengi wao wakaingia GLOW. GALA walipoanza kuchapisha vitabu, waliviita kwa jina lake. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza kwamba jina lililopigwa chapa kwenye vitabu vya harakati ni la mama aliyeuza bia.

KwaThema hiihii, tarehe 28 Aprili 2008, Eudy Simelane alibakwa na kuuawa. Alikuwa ameichezea timu ya taifa, Banyana Banyana, na aliishi waziwazi kama msagaji. Wawili walipatikana na hatia, mmoja akafungwa miaka 32, mwingine maisha. Miaka mitatu baadaye, Aprili 2011, Noxolo Nogwaza aliuawa katika kitongoji hikihiki. Katiba ileile, mahakama ileile niliyokaa ndani yake Jumatatu.

Mwenyeji wangu, dada wa makamo aliyecheza mpira utotoni na wasichana wa hapa, amenionyesha viwanja na njia za mtaa. Hakutaka kuzungumzia usiku ule. Alitaka kunieleza jinsi Eudy alivyokuwa akicheza: katikati ya uwanja, mpira haumtoki. Nimeandika hivyo.

Ijumaa, barabarani

Basi la kwenda Cape Town, kilomita 1,400, usiku kucha kupita Karoo. Hakuna la kusimulia ila baridi, na bibi mmoja jirani yangu aliyenilazimisha kula viazi vyake.

Jumamosi, District Six

Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya makaburu ilitangaza kwamba District Six ni eneo la weupe. Watu zaidi ya 60,000 walihamishwa, nyumba zikabomolewa, makanisa na misikiti ikabaki imesimama peke yake katika uwanja wa vumbi. Sehemu kubwa bado ni nyasi hadi leo.

Makumbusho ya District Six yako ndani ya kanisa la zamani la Methodisti, mtaa wa Buitenkant, tangu mwaka 1994. Sakafuni kuna ramani kubwa ya mtaa uliobomolewa, na waliohamishwa huja wakaandika kwa mkono wao pale nyumba yao ilipokuwa. Vibao vya majina ya mitaa vinaning'inia kutoka juu. Mmoja wa wasimamizi wa kazi ya kubomoa alivificha miaka yote ile. Kuna kitambaa kirefu ambacho wageni huandika, na maandishi yao hudariziwa uzi juu yake ili yasifutike.

Mwaka 2018 picha za Kewpie zilirudi hapa Cape Town, zikaonyeshwa katika ukumbi wa makumbusho haya, Homecoming Centre. Hilo ndilo lililonivuta. Jumanne nilimwona Kewpie peke yake mezani, ndani ya jalada. Nikiwa juu ya ramani hii namwona pamoja na muuza samaki, shehe, mwalimu wa muziki, watoto wa barabara ile. Watu wa harakati zetu wanapenda kusema kwamba tulifichwa. Kewpie hakufichwa. Alipita Hanover Street na rafiki zake mchana, wakajulikana kwa majina waliyojipa ya waigizaji wa sinema. Waliovunja mtaa walivunja na nafasi ile, na baadaye ikaja kusemwa kwamba watu kama yeye ni jambo jipya kutoka Ulaya. Huko kwetu nao husema hivyo hivyo. Ndiyo maana picha ya mtoto anayecheka kando ya Kewpie ina uzito kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

Nimemuuliza mama mmoja aliyekulia pale kama alimkumbuka. "Alitengeneza nywele za dada yangu siku ya ndoa," amesema. Akatafuta mahali pa saluni kwa ncha ya kiatu chake.

Jumapili, Robben Island

Boti, upepo, mawimbi. Kila mtu huja kuona selo ya Mandela, nami nimeiona kwa heshima zote. Lakini nilikuwa nikiwatafuta wawili waliokuwa wafungwa hapa zaidi ya karne mbili kabla yake: Claas Blank, Mkhoikhoi, mmoja wa wenyeji wa asili wa huku, na Rijkhaart Jacobsz, baharia wa Rotterdam. Mwaka 1735 walishtakiwa kwa ulawiti mbele ya mahakama ya Kampuni ya Uholanzi, iliyotawala hapa wakati huo. Tarehe 19 Agosti walifungwa minyororo pamoja wakatoswa katika ghuba hii ninayoivuka.

Tunawajua kwa sababu karani wa mahakama aliandika kesi yao. Hakuna barua, hakuna picha, hakuna hata neno moja ambalo walilichagua wenyewe. Kila walichosema kimepita kwenye kalamu ya waliokuwa wanawaua. Wasanii wa siku zetu wamejaribu kuwarudishia maneno, na hata filamu imetengenezwa, lakini ni maneno ya kukisia. Kati ya hawa wawili na Kewpie kuna tofauti moja tu inayonishughulisha: Kewpie alishika sanduku lake mwenyewe.

Kwetu Nairobi wapo walioliona hili. Kundi la The Nest lilianza mwaka 2013 kurekodi simulizi za mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia kutoka pembe zote za Kenya, na filamu iliyotokana nazo ikapigwa marufuku mwaka uliofuata. Filamu ilizuiwa, lakini sauti zilikuwa zimeshakusanywa.

Jumatatu, Cape Town

Leo nimefanya kazi niliyoahirisha wiki nzima, kwa kuwa nilitaka kwanza nijue namna ya kuifanya. Nimekutana na dada wa Dar es Salaam anayeishi hapa kama mkimbizi. Sheria ya wakimbizi ya Afrika Kusini, ya mwaka 1998, inatambua mtu anayekimbia kwa sababu ya anayempenda. Kwao Tanzania, kifungu cha 154 cha sheria ya adhabu, kinachotumiwa dhidi ya watu kama yeye, kina adhabu ya miaka 30 hadi maisha.

Aliondoka baada ya Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wapeleke majina. Usiku ule alifuta kila picha kwenye simu yake: siku za kuzaliwa, Bagamoyo, mtu aliyempenda. "Nilijifuta mwenyewe, dada," ameniambia, "kabla hawajaja kunifuta wao."

Nikamweleza niliyojifunza. Kwamba anaweza kusimulia leo na simulizi ikafungwa. Kwamba jina linaweza kukaa kwenye bahasha tofauti. Kwamba anaweza kuja kuiondoa siku yoyote. Kwamba kutakuwa na nakala mbili katika miji miwili, na hakuna hata moja itakayovuka mpaka ndani ya simu yangu.

Akafikiri, akaniletea chai ya tangawizi, akafikiri tena. Masharti yake ni haya: sauti isisikilizwe na mtu yeyote Tanzania mpaka kile kifungu kifutwe, mama yake akitaka kusikiliza kabla ya hapo, aruhusiwe, na mtu wa Bagamoyo asitajwe kabisa, ila nguo aliyovaa siku ile itajwe, kwa sababu alikuwa amependeza.

Nimeyaandika kama alivyoyasema, akayasoma, akasahihisha la pili: akitaka kusikiliza, mama asiisikilize peke yake, awe na dada mkubwa. Kisha nikawasha kinasa sauti, naye akaanza na shule ya msingi.